UZI: Firebird, Nucleon na wenzake – magari ya maonyesho ya miaka ya 1950 yalishindwa na joto, si mapezi

#1 Nati_ya_19

Wakuu, kila picha za magari yale ya Marekani yenye mapezi na makuba ya plastiki zikipita, watu huishia kucheka mapezi. Mapezi hayakuwa na kosa. Firebird III la 1958 lilikuwa na mabawa na mapezi saba kwa jumla, yote ya fiberglasi, na lilitembea. Kilichoyaua mengi ya magari haya ni joto: la ekzosi, la ndani ya kuba, na kwa yale yaliyoahidiwa nyuklia, joto ambalo huwezi kulizima kwa ufunguo.

Naanza na General Motors maana ndio waliofika mbali kuliko wengine.

Firebird I (jina la kiwandani XP-21) lilijengwa 1953, likaonyeshwa kwenye Motorama (maonyesho ya magari ya GM) ya 1954, New York, hoteli ya Waldorf-Astoria. Kiti kimoja. Umbo limeazimwa kwa ndege ya kivita ya Douglas Skyray, na msimamizi wake ni Harley Earl, mkuu wa usanifu wa GM. Injini ni ya tabaini (gesi ya moto inazungusha mapanga, kama kwenye injini ya ndege ya jeti), nguvu farasi 370, imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Uzito wa gari zima ni kama kilo 1,130 hivi. Tangi la mafuta liko puani, mbele ya miguu ya dereva, lita 130 na ushee.

Sasa shika namba hii: moshi wa ekzosi ulitoka na nyuzi 677 za Selsiasi. Alumini huyeyuka nyuzi 660. Yaani ukiwa kwenye foleni nyuma ya gari hilo, kinachokupulizia bampa kina joto la kuyeyusha sufuria.

#2 ChaiKavu

Mkuu, kwa hiyo lilisukumwa na huo moshi kama ndege?

#3 Nati_ya_19

Hapana, na hapo ndipo wengi hukosea. Moshi haukusukuma kitu. Tairi za nyuma zilizungushwa na shafti kupitia gia, kama gari lingine lolote.

Weka feni mbili mezani zitazamane. Washa moja. Ya pili, ambayo haina umeme, itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Ishike kwa mkono isimame: ile ya kwanza inaendelea kama kawaida, haizimi. Hiyo ndiyo injini ya Firebird. Sehemu ya kwanza ina kompresa, chemba ya moto na gurudumu la mapanga linaloizungusha hiyo kompresa, ikifika mizunguko 26,000 kwa dakika. Sehemu ya pili ni gurudumu jingine lenye shafti yake, mizunguko 13,000, na hilo ndilo limeunganishwa na tairi. Kati yao hakuna chuma kinachowaunganisha, ni gesi ya moto tu.

Faida yake: huhitaji klachi. Gari likisimama, gurudumu la pili linasimama, la kwanza linaendelea kuvuma. Na msokoto (nguvu ya kuzungusha tairi) mkubwa kabisa unaupata gari likiwa bado limesimama, kitu ambacho injini ya pistoni haikupi.

Hasara zake ni hadithi ndefu, waje wengine.

#4 SpanaMkono

Ya kwanza: ukiachia mafuta, hakuna kinachokushika. Kwenye injini ya pistoni ukiondoa mguu injini yenyewe inakinza na gari linapungua lenyewe. Ndiyo maana dereva wa lori huteremka mlima na gia ndogo. Kwenye tabaini ya shafti mbili, gurudumu lililounganishwa na tairi liko huru, linateleza tu. Kazi yote ya kusimamisha inarudi kwenye breki.

Ndiyo sababu ya mambo mawili yanayoonekana kama mapambo kwenye Firebird I. Ngoma za breki ziliwekwa nje ya magurudumu, si ndani ya rimu, ili zipate upepo. Na mabawa yale mafupi yana vibao vinavyofunguka kama vya ndege inapotua. Wenyewe walijua breki peke yake haitoshi.

Kwenye majaribio dereva Emmett Conklin alifika maili 100 kwa saa (kilomita 160). Alipoingiza gia ya pili tairi zikapoteza mshiko, akapunguza. Kilo elfu na ushee, nguvu farasi 370, tairi za 1953. Hesabu yenyewe inajibu.

#5 Bi_Rejeta

Naomba niongezee kuhusu Firebird II (1956), kwa sababu ndipo walipojaribu kutibu ugonjwa badala ya kuupamba.

Hili lilikuwa la watu wanne, la familia, nguvu farasi 200. Dawa waliyoweka ni kifaa cha kurudisha joto. Ni ngoma ya chuma yenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki, inazunguka polepole mno, mizunguko michache kwa dakika. Nusu yake iko kwenye njia ya moshi, nusu nyingine kwenye njia ya hewa inayotoka kwenye kompresa. Upande wa moshi sega linapata moto, linazunguka, linaupeleka ule moto kwa hewa mpya kabla haijaingia chemba. Matokeo ni mawili kwa mpigo: ekzosi inapoa kwa takriban nyuzi 550, na mafuta yanapungua kwa sababu hewa imeingia tayari ni ya moto.

Kinachoharibika ni sili, yaani kizibo cha kuzuia hewa isivuje. Upande mmoja wa ngoma una hewa iliyobanwa, upande wa pili una moshi ambao haujabanwa. Hewa daima inatafuta upenyo. Ngoma ikipata joto inatanuka, tena haitanuki sawasawa, upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo inapinda kidogo kama sahani ya plastiki iliyoachwa juani. Sili inaachia nafasi ya unywele, na hewa uliyotumia nguvu kuibana inatoka moja kwa moja kwenye ekzosi. Ukiibana sili zaidi, inasagika. Waliohangaika na injini hizi kwa miaka walihangaika na hiyo sili kuliko mapanga.

#6 ChaiKavu

Nasikia bodi yake ilikuwa ya titani. Walitaka nini, mbona fiberglasi ilitosha?

#7 Bi_Rejeta

Walitaka kuonyesha ufundi, tuseme ukweli. Titani ni nyepesi kuliko chuma, haipati kutu, inavumilia joto. Lakini kuikunja kuwa bodi ya gari ni adhabu. Ukiikunja baridi inarudi nyuma kama springi, kwa hiyo lazima uipite pembe unayoitaka. Na kuichomelea ndiyo shughuli: titani ikiwa ya moto inanyonya oksijeni na naitrojeni ya hewani, kisha inakuwa kavu kama biskuti. Lazima uifunike na gesi ya agoni, upande wa mbele na wa nyuma ya bati, mpaka ipoe. Si mpaka uzime moto, mpaka IPOE.

Rangi ya mshono inakwambia ukweli wote. Ukiwa mweupe wa fedha, uko salama. Manjano ya nyasi kavu, unavumilika. Bluu, una mashaka. Kijivu chenye unga mweupe, kata, anza upya.

#8 Kasi_Msonge

Kabla hatujaondoka kwa Firebird II: ndilo walilolinadi kuwa litajiendesha. Kanuni yake ilikuwa nyepesi na ilifanya kazi. Unafukia waya katikati ya njia, unapitisha umeme unaobadilika, waya unatoa uga wa sumaku. Mbele ya gari unafunga koili mbili, kushoto na kulia. Gari likiwa katikati koili zote zinasikia sawa. Likihama kulia, ya kushoto inakuwa karibu zaidi na waya, inasikia zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamuru usukani urudi. Kasoro haikuwa ndani ya gari. Ni nani atafukia waya nchi nzima, na ukikatika mahali pamoja kila gari lililo nyuma linakuwa kipofu.

Firebird III ndilo lililoondoa usukani kabisa. Kati ya viti viwili kulikuwa na mkono mmoja: sukuma mbele liongeze mwendo, vuta nyuma lifunge breki, pinda pembeni likate kona. Na kwa sababu injini kubwa ilikuwa mbovu kwa kazi ndogondogo, waliweka injini ya pili ya petroli, silinda mbili, nguvu farasi 10, kwa ajili ya umeme, haidroliki na kiyoyozi.

Hiyo injini ya pili ndiyo ungamo kubwa kuliko yote, mkiniuliza mimi.

#9 SpanaMkono

Umegusa penyewe. Nieleze kwa nini ni ungamo.

Gari la kawaida likitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare linahitaji nguvu farasi 15 hadi 20 tu. Nyingine ulizonunua ni za kuovateki na kupanda. Injini ya pistoni inavumilia kufanya kazi chini ya uwezo wake. Tabaini haivumilii. Karibu theluthi mbili za nguvu inayotoka kwenye mapanga zinaliwa na kompresa kabla hujapata hata moja ya kupeleka tairini. Ukishusha mwendo, mgandamizo unashuka, ufanisi unaporomoka, lakini kompresa bado inadai chakula chake. Gari limesimama kwenye taa, injini iko mizunguko elfu ishirini, inakunywa kama inatembea.

Ndege haina tatizo hilo. Inapaa, inashika mwendo mmoja saa sita, inatua. Gari la mjini ni simama-nenda asubuhi mpaka jioni. Walichukua injini inayopenda mwendo mmoja wakaipeleka kwenye foleni.

#10 MzeeKabureta

Vijana mmesahau kwamba Marekani hawakuwa wa kwanza. Rover ya Uingereza ilitoa JET1 mwaka 1950, ndilo gari la kwanza duniani la tabaini, na 1952 lilipita maili 150 kwa saa huko Jabbeke, Ubelgiji. Leo liko Science Museum, London. Fiat walitoa Turbina 1954, nguvu farasi 300, umbo lenye kigezo cha ukinzani wa hewa 0.14 (namba ikiwa ndogo ndivyo hewa inavyopita kirahisi), ambacho magari mengi ya leo hayajakikaribia. Renault wakaja na Étoile Filante, Septemba 1956, kilomita 308 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville.

Na tusiyasahau mapezi yenye kazi. Alfa Romeo BAT 5, 7 na 9 (1953, 1954, 1955), kazi ya Franco Scaglione pale Bertone, yanaonekana kama popo aliyefunikwa na bati. Ndani ni injini ya kawaida ya silinda nne kutoka Alfa 1900. BAT 5 lilikwenda takriban kilomita 200 kwa saa kwa umbo tu, na BAT 7 lina kigezo cha 0.19. Mapezi yale yaliyokunjwa kuelekea ndani yanatuliza hewa nyuma ya gari. Si pambo.

#11 Nati_ya_19

Asante mzee, hilo la BAT lilistahili kuwekwa wazi.

Sasa Chrysler, maana wao waliwapa wananchi. Kuanzia 1963 walijenga magari 55 ya tabaini, bodi zikitengenezwa na Ghia huko Turin, Italia, rangi moja ya shaba. Waliwakabidhi madereva 203 kwa zamu, miezi mitatu kila mmoja, bure. Mtu analipa mafuta tu. Injini nguvu farasi 130, msokoto futi-ratili 425, gari limesimama linavuma mizunguko 18,000 hadi 22,000, kikomo 44,500 hivi. Plagi moja. Hakuna rejeta, hakuna maji. Sehemu zinazotembea ni kama moja ya tano ya injini ya pistoni.

Yaliyolalamikiwa:

Kuchelewa. Unakanyaga mafuta, inapita sekunde moja hadi moja na nusu ndipo gari linaitika, kwa sababu gurudumu la kwanza lazima lipande kasi kwanza. Wenye lori za turbo kubwa wanaujua ugonjwa huu. Huu ni huo huo mara tatu.

Kuwasha. Kulikuwa na hatua zake, na aliyekosea mpangilio au kukanyaga mafuta mapema aliweza kuunguza injini. Maeneo ya miinuko, ambako hewa ni nyepesi, starta zilisumbua.

Mafuta. Hapa kuna kichekesho. Injini ilikubali dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata tekila, iliyojaribiwa kwa ombi la Rais Adolfo López Mateos wa Meksiko. Iliyokataliwa ni petroli yenye risasi, kwa sababu risasi iliganda kwenye mapanga. Na petroli yenye risasi ndiyo iliyouzwa karibu kila kituo Marekani wakati huo.

La breki walilitatua vizuri kuliko GM. Mbele ya gurudumu la pili waliweka vibao vinavyogeuka. Ukiachia mafuta, vinaelekeza gesi upande wa kinyume, gari linabanwa.

Mwisho wa majaribio magari 46 yaliharibiwa. Yamebaki tisa.

#12 ChaiKavu

Na Nucleon? Lile la nyuklia? Lingewezekana kweli?

#13 Kasi_Msonge

Ford Nucleon, 1958. Kwanza halikuwa gari, lilikuwa modeli ya theluthi na kidogo ya ukubwa halisi (3/8), halina injini. Wazo: kinu kidogo cha urani nyuma, kinachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini, unabadilisha kinu kila baada ya maili 5,000 hivi kwenye kituo kama unavyobadilisha mtungi wa gesi. Ona kiti cha dereva kilivyosogezwa mpaka mbele ya ekseli ya mbele. Walijua nyuma kutakuwa na mzigo.

Upigie hesabu huo mzigo. Miale ya gama ya nguvu ya kati inapungua nusu kila ikipita sentimita 1.2 ya risasi. Tufanye kinu ni boksi la nusu mita kwa nusu mita kwa nusu mita. Ukiweka sentimita 12 kuzunguka, umepunguza mara elfu moja, na risasi imefika tani 3.2. Mara elfu ni kidogo, kinu cha kilowati 300 bado kinaua abiria. Nenda sentimita 48: risasi tani karibu 34. Na bado hujazuia nyutroni, maana risasi haizizuii. Hizo zinataka maji au plastiki nene.

Ubaya wa pili ndio unaonitisha zaidi. Unafika nyumbani, unazima. Kinu kilichokuwa kinatoa kilowati 300 za joto, sekunde ile ya kuzimwa bado kinatoa kilowati kama 20, kutokana na mabaki yanayoendelea kuoza. Ni majiko kumi ya umeme ya kilowati 2, yote yamewashwa, ndani ya gari lililofungwa. Baada ya saa nzima bado una kama kilowati 4. Pampu ya maji ikikwama usiku, umelala, hakuna wa kuizuia.

Simca ya Ufaransa nao walionyesha Fulgur, Geneva 1959, kazi ya Robert Opron: atomiki, rada, na ahadi ya kutembea kwa magurudumu mawili likipita kilomita 150 kwa saa. Hilo nalipita.

#14 MzeeKabureta

Mengi yalivunjwa kwa amri, msidhani yote yako makumbusho. GM walipeleka kadhaa kwenye dampo la magari la Warhoops, Michigan, yakatwe. Hayakukatwa yote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkusanyaji Joe Bortz aliyatoa manne huko, mojawapo Chevrolet Biscayne la 1955, bodi ya fiberglasi imekatwa vipande na chasisi haipo. Limeunganishwa upya. Fiberglasi ilisaidia: bati lingekuwa kutu tupu baada ya miaka 30 ya theluji.

Chrysler Norseman ndilo halitarudi. Ghia walilimaliza 1956, paa limeegemea nguzo za nyuma tu ili mbele kuwe wazi. Likapakiwa meli ya Andrea Doria, ikagongana na meli ya Stockholm usiku wa tarehe 25 Julai, ikazama asubuhi yake. Liko kama mita 70 chini ya maji, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani.

#15 PataHewa

Wakuu swali la vitendo. Najenga modeli ya robo ya ukubwa halisi ya Lincoln Futura, gari la maonyesho la Ford la 1955 lenye yale makuba mawili. Kuba la akriliki linapasuka kwenye matundu ya skrubu kila likikaa juani. Kosa nini?

#16 Bi_Rejeta

Tundu limebana skrubu. Akriliki inatanuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kuba halisi la mita 1.5, likitoka nyuzi 20 kivulini hadi 60 juani, linarefuka milimita 4. La robo yake, milimita 1. Toboa tundu pana kuliko skrubu kwa milimita 1.5, weka washa ya mpira, kaza kwa vidole tu.

Pia angalia lilivyoumbwa. Shiti lipashwe sawasawa nyuzi 160, libanwe pembeni kwa fremu, lipulizwe kwa hewa kidogokidogo. Likipulizwa upande mmoja ukiwa baridi, mkazo unabaki ndani na unasubiri sababu ya kupasuka. Kabla ya kutoboa, lirudishe kwenye oveni nyuzi 80 kwa saa kadhaa, kisha liache lipoe humohumo mlango umefungwa.

Futura lenyewe lilikuwa na adha hiyo ya jua. Kuba limefungwa, abiria wanaiva. Tena kwa kuwa husikii nje, waliweka maikrofoni nyuma ya gari ili dereva asikie honi.

#17 PataHewa

Nimeelewa. Kulisafisha nitumie spiriti?

#18 Bi_Rejeta

Usithubutu. Spiriti na petroli zikigusa akriliki yenye mkazo zinaleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na hazitoki. Maji, sabuni ya maji, kitambaa laini cha pamba. Vumbi lioshe kwanza kabla ya kufuta, usilisugue kavu.